Kilo Zinazopanda Ukiwa Kwenye Sindano ya Kupunguza Mwili

Mtu anayejidunga sindano ya kupunguza mwili kila wiki akipanda mizani akakuta kilo mbili zimeongezeka, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: anaacha dawa papo hapo, au anajiongezea dozi. Yote mawili yana madhara, na yote mawili hufanywa kabla ya kuuliza swali lililopaswa kutangulia: kilo hizo ni za nini? Huku Malindi, na kwa ndugu zetu wa Lamu ambao dawa huwafikia kwa basi na boti, majibu yanayojirudia kwenye kaunta ya dawa si mengi. Sehemu kubwa unaweza kuyapata mwenyewe nyumbani, ukifuata mpango.

Anza na mizani yenyewe. Iweke juu ya saruji au vigae. Juu ya mkeka au zulia husema uongo. Jipime asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya chai, ukiwa na khanga moja nyepesi. Fanya hivyo siku 7, jumlisha, gawanya kwa 7, na wastani huo ndio uzito wako wa wiki. Lita moja ya maji ni kilo moja kamili. Ukila pilau na achari Ijumaa mchana, chumvi ile hushika maji, na Jumamosi asubuhi kilo nzima inaweza kuongezeka bila tone la mafuta kuingia mwilini. Siku za karibu na hedhi ni vivyo hivyo. Na kwa kuwa dawa hizi hupunguza mwendo wa tumbo, mtu anaweza kukaa siku nne bila kupata choo, na mzigo huo wote mizani inauhesabu.

Piga hesabu kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ili upate kilo mbili za mafuta kwa siku tatu, ingebidi ule zaidi ya kalori 15,000 juu ya zile mwili unazotumia. Mtu mwenye kichefuchefu cha sindano hawezi. Kwa hiyo kilo zilizokuja ghafla ni maji au choo. Kilo za kutafutiwa sababu ni zile zinazopanda polepole, wastani wa wiki hii juu kuliko wa wiki iliyopita, kwa wiki tatu au nne mfululizo.

Lakini yapo maji ambayo si ya kupuuza. Bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 5, kisha uachilie. Kukibaki shimo, miguu imejaa maji. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, na miguu ikavimba, au ukawa unakosa pumzi ukilala chali hadi uongeze mito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo ni jambo la moyo au figo, si la mlo.

Na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi: kabla ya kulaumu dawa, pima ujauzito. Mwili ukipungua, mayai yaliyokuwa yamelala huanza kupevuka tena, hasa kwa wale ambao hedhi zao zilikuwa hazina mpangilio. Tena tirzepataidi, dawa iliyomo ndani ya Mounjaro, hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Anayetumia vidonge anatakiwa aongeze kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya sindano ya kwanza, na wiki 4 tena kila dozi inapopandishwa. Semaglutaidi, dawa iliyomo ndani ya Ozempic na Wegovy, nayo inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Mambo haya ni mazito, na mara nyingi anayeuza dawa hayasemi.

Haya, tuseme si maji wala mimba. Tazama dozi.

Watu wengi wanaosema dawa haifanyi kazi wako kwenye miligramu 0.25 za semaglutaidi. Hiyo si dozi ya kupunguza uzito. Ni dozi ya kulizoesha tumbo. Wegovy, ambayo ni semaglutaidi iliyoidhinishwa kwa ajili ya uzito nchini Marekani mwaka 2021, hupanda kwa ngazi: 0.25, 0.5, 1, 1.7, kisha 2.4, kila ngazi wiki 4. Hadi ufike 2.4 wiki 16 zimepita. Ozempic ni dawa ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, na mwisho wake ni miligramu 2. Mounjaro huanza 2.5, ambayo nayo ni ya kuzoesha tu, kisha 5, na kuendelea hadi 15. Mtu anayebaki ngazi ya kwanza miezi mitano kwa sababu ya bei, au anayedunga wiki hii na kuruka wiki mbili, anapata madhara ya tumbo bila kupata faida. Nusu ya semaglutaidi huondoka mwilini kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo ukiruka wiki mbili unabaki na robo, na njaa inarudi na nguvu zake zote.

Ukisahau Ozempic, bado unaweza kuidunga ikiwa siku 5 hazijapita; Mounjaro siku 4. Zikipita, acha, subiri siku yako ya kawaida. Ukikosa wiki kadhaa kwa sababu dawa imeisha dukani, usirudi moja kwa moja kwenye dozi kubwa. Muulize daktari, maana huenda ikabidi uanze chini tena, la sivyo utatapika hadi upungukiwe na maji.

Ni haki kusema pia kwamba wapo ambao dawa haiwapunguzi vya kutosha hata wakifanya kila kitu sawasawa. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi ya miligramu 2.4 uliochapishwa mwaka 2021, wastani wa waliotumia dawa ulikuwa kupungua karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Hata hivyo takriban mtu mmoja kati ya saba hakufikisha hata asilimia 5. Hao si wavivu. Miili yao haiitiki dawa hiyo, na yafaa wabadilishiwe.

Sasa tuingie kwenye jambo linaloumiza sana pwani yetu: joto.

Kalamu ya sindano (kifaa chenye dawa ndani, unachojidungia) ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukishaanza kuitumia, Ozempic huvumilia siku 56 nje ya friji, Saxenda (sindano nyingine ya kupunguza mwili) siku 30. Kalamu za Mounjaro za dozi moja, zikiwa bado hazijatumiwa, huvumilia siku 21. Lakini sharti ni kwamba joto lisizidi nyuzi 30. Nani mwenye chumba kisichozidi nyuzi 30 Malindi mwezi wa Machi? Chini ya bati joto hupanda kuliko nje. Nyumba ya mawe ya Lamu ina afadhali: chumba cha ndani cha chini, kwenye kidaka kilicho mbali na dirisha, hupoa kuliko ghorofa ya juu. Nunua kipimajoto kidogo, kiache hapo siku nzima, kisome saa nane mchana. Kikivuka 30, kalamu haikai hapo. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia kidogo tu, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi na maji hayakauki haraka kwenye udongo, na ni huko kukauka kunakoleta ubaridi.

Friji nayo ina hatari yake, na hii tunaiona mara nyingi kuliko ya joto. Fungua friji ya mlango mmoja, ile yenye kisanduku cha barafu juu. Ukuta wa nyuma chini ya kisanduku una utando mweupe wa barafu, na akina mama huweka dawa hapo hapo kwa sababu ndipo penye ubaridi zaidi. Boksi la kalamu likigusa ukuta ule usiku kucha, dawa inaganda. Asubuhi umeme ukikatika inayeyuka, na ukiitazama ni maji safi kama ilivyokuwa. Haifai tena. Dawa iliyowahi kuganda hutupwa hata kama haionyeshi dalili yoyote. Mahali pake ni rafu ya katikati kwa mbele, ndani ya kibakuli chenye kifuniko, isiguse ukuta. Mlangoni napo si pazuri, maana mlango unafunguliwa na watoto mara hamsini kwa siku.

Anayeagiza dawa kutoka Mombasa kwenda Lamu akumbuke safari yenyewe: basi kupitia Malindi na Witu hadi Mokowe, halafu boti, halafu punda au mkokoteni. Dawa isitiwe kwenye buti la basi wala mbele kwenye kioo cha dereva. Itiwe kwenye kikasha cha barafu, vile vipakiti vya barafu vizungushiwe taulo ili visiguse boksi la dawa. Mwambie anayeipokea Mokowe ashike kipakiti: kikiwa bado ni cha baridi, dawa imesalimika. Kikiwa vuguvugu na basi lilichelewa nusu siku, irudishwe. Dawa iliyokufa kwa joto haikudhuru papo hapo. Inakunyima kazi yake tu, na wewe unadhani mwili wako umeshindwa.

Kisha mkono wako. Kalamu mpya ya Ozempic lazima ijaribiwe kabla ya dozi ya kwanza. Funga sindano mpya, zungusha kitasa hadi alama ya kujaribu, elekeza ncha juu, bonyeza. Tone moja lazima lionekane kwenye ncha. Lisipoonekana rudia, hadi mara 6, kisha badilisha sindano. Wakati wa kudunga bonyeza hadi namba irudi 0, na hapo usichomoe. Hesabu polepole moja hadi sita, sindano ikiwa bado ndani ya ngozi. Wanaochomoa kwa haraka huona maji yanatiririka tumboni, wanayafuta kwa pamba na kuendelea na shughuli. Yale maji ndiyo dozi. Tone dogo kwenye ncha si neno, lakini ngozi ikilowa umepoteza dawa. Ukimaliza, ng'oa sindano uitupe kwenye kopo gumu. Kalamu iliyohifadhiwa na sindano yake huvuja, huingiza hewa, na sindano huziba. Na kalamu moja isitumiwe na watu wawili, hata kama kila mmoja ana sindano yake, hata kama ni ndugu wa damu. Damu hurudi ndani ya kalamu bila kuonekana.

Kuna vichupa vya unga wa dawa hizi vinavyouzwa kwa simu, mnunuzi aambiwe achanganye mwenyewe. Ushauri wetu ni mmoja: usivitumie. Lakini kwa kuwa watu wanavitumia, wajue kosa lake kubwa liko wapi. Kichupa cha miligramu 5 ukikitia mililita 1 ya maji, alama 10 kwenye bomba la insulini ni miligramu 0.5. Ukikitia mililita 2, alama 10 zile zile ni 0.25. Rafiki akikwambia "mimi navuta hadi kumi" bila kusema alitia maji kiasi gani, amekupa nusu ya dozi au maradufu yake. Hayo ni kama ndani mna dawa kweli. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, na zipo kalamu bandia zilizokutwa na insulini badala ya semaglutaidi. Insulini hushusha sukari, huleta njaa kali, na inaweza kuua asiye na kisukari. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, omba risiti, na hifadhi boksi lenye namba ya toleo hadi kalamu iishe.

Dawa ikiwa ni nzima na mkono uko sawa, mwaga mfuko wako wa dawa mezani. Wote. Hapa ndipo tunapopata jibu mara nyingi kuliko kwingine, kwa sababu dawa ya sindano imetoka kwa daktari mmoja na ya goti imetoka kwa mwingine.

Prednisoloni ya pumu au ya viungo huleta njaa na kushika maji, na inaweza kuizidi nguvu sindano yako. Usiiache ghafla ikiwa umeitumia zaidi ya wiki tatu. Mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake, na kuikata ghafla ni hatari kubwa. Zile dawa za viungo za mitishamba zinazotuliza maumivu ndani ya saa chache, uso ukaanza kuwa wa mviringo, zishuku kuwa zimetiwa steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni. Sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango huwanenepesha baadhi ya wanawake. Amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva, olanzapini ya magonjwa ya akili na valproeti ya kifafa huongeza uzito. Dolutegravi ya VVU nayo kwa baadhi ya watu, na hiyo usiiguse kabisa bila kliniki yako, maana kazi yake ni kubwa kuliko kilo. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu. Hayo si mafuta.

Kwa mwenye kisukari kuna mtego wake wa peke yake, na unatuuma kwa sababu mgonjwa hujilaumu bure. Anatumia glibenklamaidi au insulini ya tangu zamani, akaongezewa semaglutaidi, lakini dozi ya zamani haikupunguzwa. Anakula kidogo, sukari inaporomoka saa nne asubuhi, anatetemeka, jasho linamtoka. Anakunywa soda nzima na mahamri mawili, anapata nafuu. Kesho hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi amepanda kilo. Huyo hakosi nidhamu. Dozi ya dawa ya zamani ndiyo inayotakiwa kushushwa na daktari. Hadi amwone, sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo atumie vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, kama gramu 16, apime tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini. Ikishapanda, kama chakula chake bado kiko mbali, ale kitu kidogo kama kipande kimoja cha mkate. Soda nzima haihitajiki.

Chakula nimekiacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu ndicho kila mtu anachokimbilia kumsuta mwenzake. Lakini kina sehemu yake.

Sindano huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo wali hushibisha haraka. Kinywaji hupenya. Chai ya maziwa mara nne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni gramu 48 za sukari ambazo tumbo halikuzihisi. Sharubati, juisi ya ukwaju, soda ya kutuliza kichefuchefu, vivyo hivyo. Kichefuchefu chenyewe hubadilisha mlo: samaki ananuka, nyama haipiti, basi mtu anakula biskuti kidogo kidogo mchana kutwa, na hapa Malindi aiskrimu, kwa sababu inateleza. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Kikombe kimoja cha tui zito la nazi hukaribia 500. Sahani imekuwa ndogo, lakini kilichomo ndani kimekuwa kizito.

Kinachopungua ni protini, na hiyo ndiyo inayolinda misuli. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 80 anahitaji kama gramu 96 kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kikomo kwa sababu ya figo. Kipande cha samaki kilichopikwa, ukubwa wa kiganja bila vidole, kina kama gramu 22. Yai moja 6. Anza mlo na samaki, wali ufuate. Samaki baridi aliyetiwa ndimu hanuki kama wa moto, na wenye kichefuchefu humuweza.

Sinia lina ugumu wake. Ukila sinia moja na watu watano, huwezi kujua umekula kiasi gani, na kutengewa sahani peke yako kunaweza kuonekana ni kujitenga. Njia inayokubalika: chora mpaka kwa tonge la kwanza, chukua upande wako kiasi cha viganja viwili, na ukimaliza baki umekaa na wenzako, kunywa maji, zungumza. Hakuna atakayekuuliza.

Neno moja kuhusu vidonge vya orlistati vya miligramu 120, kwa kuwa navyo vinauzwa sana. Kazi yake ni kuzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Haigusi sukari wala wanga. Mtu akishaona mafuta yanamvuja kwa sababu ya viazi vya karai, anahamia mkate wa jamu na uji wa sukari, na hapo kidonge hakina cha kuzuia. Kinamezwa na mlo wenye mafuta au ndani ya saa moja baada yake. Mlo ukiwa hauna mafuta, kinarukwa. Vitamini A, D, E na K zimezwe usiku, mbali na kidonge kile kwa saa mbili au zaidi.

Ikiwa yote haya yamepitiwa na wastani wa wiki bado unapanda, na pia unahisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, nywele zinakatika, choo kigumu, omba kipimo cha damu cha tezi ya shingo kiitwacho TSH.

Siku ya kumwona daktari, nenda na kalamu yenyewe kwenye kikasha cha baridi, boksi lake, dawa zote nyingine pamoja na zile za majani, na karatasi yenye uzito wa wiki nne, tarehe za kudunga, dozi, na namba uliyosoma kwenye kipimajoto saa nane mchana. Dozi ya wiki hiyo idunge kwa siku yake kama kawaida, isipokuwa una maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni au unatapika bila kukoma. Hapo usidunge, na usisubiri siku ya miadi.